Manung'uniko ya Mlinzi wa Magitaa: Kinaya, Kijembe na Jumba la Makumbusho ya Roki

Makala haya yanahakiki maandishi mafupi ya mtu aliyewahi kuajiriwa katika jumba moja la makumbusho ya muziki wa roki nchini Marekani. Maandishi hayo, ambayo asili yake ni Kiingereza, tuliyatumia kama zoezi la tafsiri kwa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, na yakazua mjadala mkali kuliko riwaya nyingi tulizozoea kufundisha. Mwandishi wake hakulitaja jumba hilo wala hakujitaja mwenyewe, nasi hatutajaribu kubahatisha. Tutakapohitaji mfano wa jambo linalojulikana hadharani, tutauchukua kutoka katika jumba maarufu la Cleveland, jimbo la Ohio, ambalo historia yake imeandikwa sana. Msomaji asidhani kwamba tunayahesabu majumba hayo mawili kuwa moja.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakajiuliza idara ya Kiswahili inatafuta nini katika magitaa ya Marekani. Jibu la kwanza ni kwamba makumbusho ya roki yamekwisha kubisha hodi kwa Waswahili. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kundi lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya Cleveland mwaka 2001, miaka 10 baada ya kifo chake, na mwezi Novemba 2019 jumba dogo la kumkumbuka likafunguliwa Shangani, Mji Mkongwe. Jibu la pili, ambalo kwetu ni zito zaidi, ni la kifasihi. Kunung'unika kwa ucheshi ni aina ya usemi tunayoisikia kila siku, katika vyumba vya walimu, katika foleni za benki na ndani ya teksi, lakini ni nadra kuiona katika mitaala yetu ya uhakiki. Tunafundisha malalamiko ya mshairi na kuyapuuza ya bawabu.

Tuanze na maudhui. Msimulizi alikuwa mhudumu wa ukumbi. Kazi yake ilikuwa kusimama siku nzima karibu na makabati ya vioo, kuwazuia watu wasiguse, kuwaelekeza wageni na kufunga milango jioni. Manung'uniko yake ni madogo madogo, na hapo ndipo ucheshi wake unapoanzia. Wimbo ule ule ulirudiwa katika spika ya ukumbi wake kila baada ya dakika chache, hata akawa anausikia usingizini. Swali aliloulizwa mara nyingi kuliko yote halikuhusu muziki. Lilihusu mahali vilipo vyoo. Wazee walimsimulia matamasha waliyohudhuria ujanani mwao, kisha wakamwuliza yeye alikuwa wapi siku hiyo, ilhali alikuwa hajazaliwa. Kanuni za mavazi zilimtaka avae shati lenye ukosi na kulichomeka vizuri, wakati duka la hapo hapo liliuza fulana za kuhimiza watu wavunje kanuni. Na siku moja, kijana mmoja alipoanza kuimba kwa sauti mbele ya kabati la mwanamuziki aliyempenda, mhudumu wetu aliagizwa akamnyamazishe. Alikwenda, akamnyamazisha. Anasema alifanya hivyo kwa adabu zote.

Kwa upande wa fani, jambo linalojitokeza mapema ni kwamba msimulizi hapandishi sauti hata mara moja. Hatukani. Halii. Anashukuru. Analishukuru jumba kwa kumfundisha kuuchukia wimbo alioupenda tangu utotoni, na kwa kumpa nafasi ya kukaa karibu na magitaa makuu ya dunia bila kusikia hata moja likipigwa. Hiki ndicho wahakiki wanachokiita kinaya: maneno yanakwenda upande mmoja na maana inakwenda upande wa pili, na msomaji ndiye anayeachiwa kazi ya kuzikutanisha.

Hapa ndipo wanafunzi wetu walipokwama. Karibu nusu yao walikitafsiri kinaya hicho kwa lugha ya dhihaka, na matokeo yake mhudumu mpole akageuka kuwa mtu mwenye hasira anayelibeza jumba waziwazi. Wengine waliona kasoro hiyo wakataka kuiepuka kwa kutumia neno «eti»: eti analishukuru jumba, eti alifurahia kazi. Neno hilo ni hazina katika Kiswahili, lakini lina tabia moja: linamkonyeza msomaji. Likishatamkwa, kila mtu anajua kwamba msemaji haamini anachokisema, na kinaya kinakuwa kimefunuliwa kabla hakijafanya kazi yake. Tafsiri iliyotupendeza zaidi ilikuwa ya mwanafunzi mmoja aliyeacha «eti» kabisa akatumia «si haba». Msimulizi anapotaja zawadi aliyopewa siku ya kuaga, ambayo ni fulana kutoka dukani, tafsiri hiyo inasema tu kwamba alipewa fulana, na si haba. Mswahili yeyote anayejua jinsi tunavyolitumia neno hilo tunapopewa kidogo ataipata shukrani, ataipata na shubiri iliyomo ndani yake.

Tulijadiliana pia kama maandishi haya ni kijembe. Kijembe, kama tunavyokijua katika misemo ya kanga na katika nyimbo za taarabu, hurushwa kwa mtu aliye karibu, anayesikia, naye hujua kwamba amelengwa ingawa hakutajwa. Ukimwuliza aliyekirusha, atakwambia hakumsema mtu. Mhudumu wetu anafanya jambo linalofanana na hilo: analificha jina la jumba, lakini wakubwa wake wa zamani wakisoma watajijua. Hata hivyo kuna tofauti. Kijembe cha taarabu kinaweza kujibiwa wiki inayofuata kwa wimbo mwingine. Jumba la makumbusho halina desturi ya kumjibu bawabu wake. Kwa hiyo tunaona ni afadhali kuyaita maandishi haya manung'uniko, neno linalobeba sauti ya chini ya mtu anayejua kwamba hatajibiwa.

Dhamira kuu ya maandishi haya, kwa maoni yetu, ni kwamba jumba linaweza kuhifadhi vitu vyote vya muziki na kuupoteza muziki wenyewe, na kwamba mtu wa kwanza kuligundua hilo si mkurugenzi wala mgeni bali ni mhudumu aliyesimama hapo siku nzima. Je, dai hilo lina ukweli, au ni chuku ya mtu aliyechoka na kazi? Ili kulipima, tuutazame mfano wa Cleveland.

Mji wa Cleveland ulidai kuwa na haki ya kulijenga jumba la roki kwa hoja ya historia. Mtangazaji Alan Freed alianza mwaka 1951 kupiga katika redio ya mji huo muziki wa Wamarekani Weusi, akalieneza jina ambalo muziki huo unajulikana kwalo hadi leo. Tarehe 21 Machi 1952 tamasha alilolitangaza lilikatishwa usiku ule ule kwa sababu watu walifurika kuliko uwezo wa ukumbi. Miaka 43 baadaye, Septemba 1995, jumba lilifunguliwa kando ya Ziwa Erie. Lilibuniwa na I. M. Pei, msanifu yule yule wa piramidi ya kioo ya Louvre mjini Paris. Muziki ulioanza kwa watu kusukumana mlangoni sasa unaingiwa kwa tiketi na foleni.

Mwaka 2002 majivu ya Freed yaliletwa katika jumba hilo. Mwaka 2014 jumba likaiomba familia yake iyachukue. Yalizikwa mwaka 2016 katika makaburi ya Lake View, mjini humo humo, chini ya jiwe lililochongwa kwa umbo la ile mashine ya santuri inayotumbukizwa sarafu. Hatusemi kwamba uamuzi huo hauna hoja, maana si kila mtu hupenda kukutana na mabaki ya marehemu baada ya kupita kabati la mavazi. Lakini neno la Kiswahili linatubana. Makumbusho limetokana na kukumbusha. Jumba linalomtaka aliyeupa mji wake hoja akapumzike mahali pengine linawakumbusha watu nini? Hilo ni swali ambalo mhudumu wa ukumbi angeliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kisha akaenda kufunga milango.

Chukua pia suala la nani ameingia na nani ameachwa. Mhudumu wetu analalamika kwamba wageni walimlaumu yeye kwa sababu mwimbaji wao hakuwemo, kana kwamba yeye ndiye aliyemnyima nafasi. Huko Cleveland pia mtu anayekata tiketi si yule anayechagua. Majina huchaguliwa kwa kura zinazosimamiwa na taasisi yenye makao New York, iliyoasisiwa mwaka 1983, na mwanamuziki hustahiki baada ya kupita miaka 25 tangu rekodi yake ya kwanza. Sherehe za kuwaingiza wanamuziki zilianza mwaka 1986, lakini hazikufanyika Cleveland kwenyewe hadi mwaka 1997, kisha zikarudi huko mwaka 2009. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke Mweusi aliyepiga gitaa la umeme kabla ya wengi wa wanaume wanaoitwa waasisi, aliingizwa mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufariki. Fela Kuti wa Nigeria aliteuliwa mwaka 2021 na tena mwaka 2022, na mara zote mbili hakupita, ingawa katika kura ya mashabiki ya mwaka 2021 alishika nafasi ya pili. Mwezi Septemba 2023 Jann Wenner, mmoja wa waasisi, aliondolewa katika bodi kwa sababu ya kauli zake kuhusu wanamuziki Weusi na wanawake. Mambo haya yote huamuliwa mbali na ukumbi, lakini mgeni akikasirika, anayemwona mbele yake ni yule mtu wa shati lenye ukosi. Manung'uniko yake hapa si madogo hata kidogo.

Mfano wa mwisho ni wa mwaka 2006. Kundi la Uingereza la Sex Pistols lilipochaguliwa, lilikataa kuhudhuria na kupeleka barua ya matusi iliyoandikwa kwa mkono. Barua hiyo ilisomwa jukwaani usiku wa sherehe, na ukumbi ukacheka. Tukio hilo linatufundisha kwamba tusi la wazi ni rahisi kumezwa. Taasisi kubwa ina koo pana. Hata uasi dhidi yake huweza kuugeuza kuwa sehemu ya burudani yake. Kinaya cha mhudumu ni kigumu zaidi kukimeza, kwa sababu hakina tusi la kuchekwa. Kina shati lililochomekwa, wimbo uliorudiwa na kijana aliyenyamazishwa. Mambo hayo ni ya kweli, na ukiyasoma jukwaani hayachekeshi sana.

Darasa letu liligawanyika kwa methali mbili. Kundi la kwanza lilisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Walimwona mwandishi kuwa mtu asiye na shukrani, aliyekula mshahara wa jumba kisha akaligeuka. Kundi la pili likajibu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walisema kwamba wageni huliona jumba kwa saa mbili na wakurugenzi huliona katika taarifa za mapato, ila mhudumu peke yake ndiye aliyelala katika kitanda hicho. Sisi tunaegemea kundi la pili, lakini si kwa sababu methali yao ni tamu zaidi. Methali ya kwanza ni onyo la busara ya maslahi: inamwambia mtu anyamaze kwa kuwa huenda akahitaji msaada kesho. Haisemi kwamba anachokisema ni uongo. Na mhakiki anapaswa kuuliza kwanza kama neno ni la kweli, ndipo aulize kama lina faida kwa msemaji.

Hata hivyo maandishi haya yana kasoro, na hatungewatendea haki wanafunzi wetu kama tungezificha. Kasoro ya kwanza ni kwamba mwandishi anawacheka wageni kwa bei rahisi mno. Mzee anayesimulia tamasha la ujanani mwake si kero tu. Yeye ndiye kumbukumbu hai ambayo jumba halina, na katika ukumbi ambao magitaa hayalii, hadithi yake ndiyo iliyo karibu zaidi na muziki. Mwandishi alikuwa na nafasi ya kuligundua hilo akaipita akiwa anatafuta kichekesho. Wanaouliza vyoo nao hawana kosa. Wamesafiri na watoto.

Kasoro ya pili ni kwamba analaumu vioo bila kueleza kazi yake. Gitaa la zamani ni mbao, gundi na chuma. Jasho la vidole hula rangi na kutia nyuzi kutu, unyevu unaopanda na kushuka hupinda shingo yake, na mwanga mkali hufifisha mavazi ya jukwaani. Kama kila mgeni angeruhusiwa kuligusa, baada ya miaka michache kusingekuwa na cha kuguswa. Mwandishi aliyajua haya, kwani ndiyo aliyoajiriwa kuyalinda. Kinaya kinachonyamazia hoja ya upande wa pili hupungua nguvu, kwa maana msomaji makini atailetea hoja hiyo mwenyewe.

Lakini je, ni lazima kuchagua kati ya kioo na sauti? Hapa Kampala tunao mfano ambao mhudumu wa Marekani asingeweza kuujua. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia Kitante mwaka 1954, lilipata sifa kwa ukumbi wake wa ala za muziki. Katika enzi ya msimamizi wake Klaus Wachsmann, aliyeondoka nchini mwaka 1957, ala hazikuachwa ziwe bubu. Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyekuwa amepiga katika kasri la Kabaka wa Buganda, aliajiriwa na jumba awapigie wageni na kuwaeleza ala hizo. Hapo mfanyakazi wa makumbusho hakuwa mtu wa kunyamazisha wanaoimba. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa muziki. Watafiti waliofika kutoka nje walijifunza kwake kwa kukaa mbele ya amadinda na kupiga, si kwa kusoma kibandiko ukutani. Ala za thamani zilibaki makabatini kama inavyopasa, na za kupigwa zikapigwa.

Tofauti kati ya Muyinda na mhudumu wetu si ya tabia wala ya nchi. Ni tofauti ya kile jumba lilichowaomba watoe. Mmoja aliombwa ujuzi wake, mwingine aliombwa asimame wima. Tunashuku kwamba mtu anayejua wimbo kiasi cha kuumia ukirudiwa vibaya alikuwa na mengi ya kuwaeleza wageni, lau angeulizwa. Manung'uniko yake yote yamejengwa juu ya upendo ambao haukupewa kazi ya kufanya.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Nchini mwetu Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya mwaka 2005, na bado wapo wanaokiona kama kitu cha kuwekwa kabatini: kinaheshimiwa, kina kibandiko, hakiguswi. Nasi wenyewe tunachangia. Tunawafundisha wanafunzi utenzi kwa kuhesabu vina na mizani bila kuwasikilizisha utenzi ukighaniwa. Tunawapa wimbo wa taarabu uliopigwa chapa kwenye karatasi, tunawauliza tamathali ngapi zimo, kisha tunashangaa wanapouchukia. Wanafunzi wananung'unika, nasi huwa tunayachukulia manung'uniko hayo kuwa uvivu.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa wenzetu wa idara na kwa walimu wa shule za upili wanaolisoma jarida hili dogo. La kwanza, maandishi ya wafanyakazi wa kawaida kuhusu kazi zao yaingizwe katika mazoezi ya tafsiri na ya uhakiki. Yana lugha hai, yana kinaya kisichopatikana kwa urahisi katika vitabu teule, na yanawalazimisha wanafunzi kuchagua kwa makini kati ya «eti», «si haba» na kunyamaza. La pili, tuwape wanafunzi nafasi ya kuandika manung'uniko yao wenyewe kuhusu masomo yetu, bila jina, kwa sharti moja tu: wasitukane. Mwaka huu tumeanza na darasa la ushairi. Karatasi 23 zimekwisha kukusanywa, na katika nyingi kati yake wanashukuru sana.